Kiganja Kilichokataa Fremu

Kila sikukuu ilipokaribia, mama yule alishusha katoni kutoka juu ya kabati na kuigeuza sebule kuwa ghala la kumbukumbu. Zilitoka taa ndogo ambazo nusu yazo haziwaki, karatasi za kumetameta zilizochakaa, kofia ya kufumwa ya mtoto mchanga, na viganja viwili vya jasi ambavyo mumewe, fundi wa dari, aliwatengenezea watoto kwa kunakili mikono yao, kwa mabaki ya kazi, kila kimoja na fremu yake. Kimoja kilikuwa cha Kasuku, binti aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kingine kilikuwa cha mdogo wake, Bonge, aliyekufa kwa homa mwaka uliotangulia.

Safari hii kiganja cha Bonge kilikataa kuingia kwenye fremu.

"Kimevimba," mama alisema.

"Jasi haivimbi, mke wangu. Mimi na jasi tunajuana kuliko mimi na wewe."

Alikipokea huku akicheka, kisha kicheko kikamkauka. Kiganja kilikuwa na joto. Jasi hupata joto inapoanza kuganda. Ikishakauka imekauka, haichemki tena. Alikiweka mezani na kujifuta mkono kwenye suruali.

"Kirudishe kwenye katoni," alisema.

"Huo ni mkono wa mwanangu."

Mama akakitundika ukutani kwa waya, bila fremu, kando ya kile cha Kasuku.

Watu husema mapenzi ya mama hayana kipimo. Ya huyu yalipimika vizuri tu. Tangu Bonge akiwa hai, yeye ndiye aliyepewa paja la kuku, na Kasuku akapewa zamu ya vyombo. Bonge alipokufa, Kasuku aliachiwa vyombo vyote na huzuni yote, na hakuna aliyemuuliza anaendeleaje.

Haukupita muda, Kasuku akaangusha kikombe.

"Mama, vidole vimekufa ganzi."

"Acha kujidekeza. Okota hivyo vigae."

Lakini ganzi ilipanda. Ngozi ya mkono wake ikawa nyeupe na kavu, na asubuhi shuka lake lilikuwa na unga wa jasi. Sebuleni kulianza kunuka jasi mbichi, ile harufu ya chumba kilichopigwa dari leo, ingawa fundi alikuwa mapumzikoni na hakuwa na hata mfuko mmoja nyumbani. Kiganja cha Bonge kilikuwa kimefikia ukubwa wa mkono wa kijana mwenye ndevu, na jua lilipoanza kushuka kiligonga ukuta, taratibu, ko, ko, ko, na mama aliacha sufuria jikoni ikiungua, akaenda kuegemeza shavu lake pale ukutani, na mumewe aliyekuwa amejibanza koridoni akasikia sauti nyororo ya mtoto mnene ikisema, "Mama, nipo, niache nikue," na mkewe akijibu kwa kunong'ona, "Kua, baba, kua," huku chumba cha pili binti yao akikohoa vumbi.

Fundi alimleta mganga, mtu mfupi mwenye haraka zake. Alinusa mlangoni pa sebule akagoma kuingia.

"Huyo si mtoto wenu," alinong'ona. "Ni jini. Amekuta mahali pa marehemu pameachwa wazi, akajikalia. Anamla dada ili akue."

"Dawa yake?" fundi aliuliza.

"Kiganja kivunjwe, na aliyekitundika ndiye akivunje. Kifungwe kwenye kitambaa, mtu asikione. Ila cha binti msikiguse, nawaambia! Uhai wake sasa umo humo. Kikipata ufa tu, mmempoteza."

Mama aliuliza neno moja tu. "Nikikivunja, nitamsikia tena?"

"Hutamsikia."

Aliingia sebuleni peke yake, akafunga mlango, na kwa muda mrefu walisikia minong'ono, ya kwake na ya kile kitu, ikipandana kama ya wasichana wawili kitandani. Alipotoka alikuwa na furushi la kitambaa cheupe. Aliliweka kwenye sakafu ya jikoni. Mumewe, aliyempakata Kasuku, alimpa nyundo.

"Mama, itauma?" Kasuku alinong'ona.

"Haitauma, mwanangu. Funga macho."

Akapiga mara moja.

Kasuku hakulia. Alikuwa mzito ghafla mapajani mwa baba yake, kichwa kikaanguka upande. Mganga alilirukia furushi na kulipasua. Ndani mlikuwa na vipande vidogo vya vidole vyembamba vya msichana.

"Umefanya nini?" Fundi alikuwa akimtikisa binti. "Mke wangu, umefanya nini?"

"Huyu aliniita mama akitaka chai na sare," alisema, akikung'uta vumbi kwenye gauni. "Yule amerudi kutoka kaburini kwa ajili yangu."

Akaenda sebuleni mbio, uso ukimng'aa, akifungua mikono. Ukuta ulikuwa mtupu. Dirisha lilikuwa wazi, na mtu mrefu asiyemfahamu alikuwa ameketi juu ya kizingiti chake, anakunjakunja vidole vya mkono mpya, mmoja baada ya mwingine.

"Bonge?" mama aliita. "Mwanangu?"

"Bonge yuko pale pale mlipomzika," mtu yule alisema kwa sauti nzito, bila haraka. "Hajawahi kukuita hata mara moja."

Akashukia nje na kutembea zake kama mpita njia yeyote. Jikoni, mumewe alianza kulia. Mama alibaki ameshika fremu ya dirisha, akimwita yule mtu arudi, arudi amdanganye tena.