Ngozi ya Ng'ombe kwenye Gari la Masele

Tangu Masele anunue gari, mkewe Mbuke hakuwa na raha. Lilikuwa gari la Kimarekani, la gia zinazojibadili zenyewe. Mzungu mmoja wa mgodini Geita alimwuzia alipokuwa akirudi kwao. Masele alilitumia kupeleka abiria Kolandoto, na maringo yake yalikuwa hayasemeki.

Lakini mkono wa gia ulikuwa umelegea. Ulicheza huku na huko kama jino la mtoto.

“Baba Nyamizi, mwite fundi,” Mbuke alisema kila asubuhi.

“Fundi wa nini? Nimefunga kule chini kwa ngozi mbichi ya ng'ombe. Ikikauka, imekaza kuliko chuma!”

Kweli, sisi Wasukuma tumekaza mipini ya majembe hivyo tangu zamani. Basi Masele akacheka, na Mbuke akazidi kuhangaika.

Siku moja mvua ilinyesha, barabara ikawa tope tupu. Masele alifika nyumbani, akausukuma mkono wa gia mahali pa kusimamia, akashuka. Injini ilikuwa bado inanguruma. Mara gari likaanza kwenda lenyewe! Mbele yake binti yao mdogo, Nyamizi, alichuchumaa akichezea maji ya dimbwi.

“Mayu wane, mama yangu!” Mbuke alipiga kelele. Akaruka, akamnyakua mtoto. Gari likapita, likakwama kwenye ua wa minyaa. Masele akarukia ndani, akalizima.

Siku hiyohiyo alimleta fundi Theonest kutoka mjini. Fundi akaingia uvunguni, akatoka na kipande cha ngozi kinachoteleza kama mlenda.

“Ngozi ikilowa hulegea, bwana,” alisema. “Kwenye maungio ya vyuma vya gia hukaa pete ndogo ya mpira. Inaitwa bushi. Hii yako imelika. Mkono unaonyesha ‘simama’, kumbe chini gia inasema ‘twende’.”

“Sasa nifanyeje?”

“Tutie bushi mpya. Wewe uwe unaosha tope na kukagua maungio. Mkono ukianza kucheza, usingoje. Na usishuke kabla hujazima injini na kuvuta breki ya mkono.”

Bushi mpya ikafungwa. Masele akawasha injini, akasogeza mkono mahali pa kusimamia, akaachia breki. Mbuke alisimama mbali, amemkumbatia mtoto. Gari likanguruma, lakini halikusogea hata kidogo.

“Zima kwanza,” Mbuke alisema.

Masele akazima. Akavuta breki ya mkono, akashuka. Ndipo Mbuke alipomweka mtoto chini.