Fundo la Kofia ya Tomoemon

Jumamosi, tarehe kumi na mbili Oktoba, saa nne na dakika kumi asubuhi, mimi na bibi yangu tuliingia makumbusho ya mji wetu kuitazama deraya ya ukoo wetu. Tulikuwa tumewaazimisha watu wa makumbusho kwa maonyesho ya wiki sita. Bibi alivaa kimono chake cha kijivu na alikuwa mchangamfu. Njiani tulinunua maandazi ya maharagwe matamu, tukayala kwenye benchi.

Barua ya kuazimisha niliiandika mimi. Sharti la nne lilisema: fundo la kamba ya kofia ya chuma lisiguswe. Nililipima mwenyewe, ncha zake hazikuzidi sentimita mbili. Tomoemon, shujaa aliyeivaa deraya hiyo, alizikata kwa kisu baada ya kuifunga kofia kidevuni, ili fundo lisifunguke tena. Ndivyo walivyofanya waliokwenda vitani wakijua hawarudi. Kaka yake alimwahidi kumletea askari wa msaada langoni mwa ngome. Hakuwaleta. Sisi ni uzao wa huyo kaka. Kofia ililetwa nyumbani na fundo lake, na kwa miaka mia nne hakuna aliyelifungua, kwa sababu sote tulijua ndilo linalomzuia asije kutuuliza askari wako wapi.

Ndani ya kabati la kioo, chini ya barakoa ya chuma ya deraya, kulikuwa na kamba mpya, nyekundu, imefungwa kwa vitanzi viwili kama zawadi.

Bibi hakupaza sauti. "Bwana Kuwabara," alimwambia msimamizi wa maonyesho, "kamba yetu iko wapi?"

"Ile? Ilikuwa imeoza, Bibi. Niliikata. Sasa si amependeza? Kama bwana harusi."

"Sharti la nne," nilisema. "Uliisoma ile barua, au uliifanya kiwekeo cha kikombe?"

"Dada, kazi hii nimeifanya miaka ishirini."

"Basi yote ishirini umeifanya vibaya," Bibi akasema. "Ilete kamba yetu."

"Nimeshaitupa."

Hapo ndipo kioo kilipoingia ukungu. Duara dogo, mbele ya mdomo wa barakoa. Kuwabara akatoa leso, akafuta. Haukufutika. Ulikuwa upande wa ndani.

Ukatoweka. Ukarudi. Ukatoweka. Ukarudi.

Kitanzi kimoja kikalegea. Kisha cha pili. Kamba ikaanguka.

"Twende nyumbani," Bibi alininong'oneza. "Asije Tomoemon akatukosa."

Nyumbani aliufungua mlango wa mbele wote. Nilitaka kuufunga, akanishika mkono. "Ukimfungia atakasirika zaidi. Nenda kwa Mama Hatsue hapo jirani."

"Siendi. Kosa ni la yule mpumbavu, amfuate yeye."

"Yeye si wa ukoo. Chigusa, mkubwa wa nyumba hii ni mimi. Wa kuulizwa ni mimi. Usinibishie mlangoni."

Nilikwenda. Nilikuwa nimemkasirikia, na neno la mwisho nililomwambia ni "haya".

Saa kumi na dakika ishirini jioni, nikiwa bustanini kwa Mama Hatsue, nilimsikia Bibi ng'ambo ya ukuta. "Tusamehe." "Tusamehe." Kisha sauti ya mwanamume ikauliza jambo moja, fupi. Sikulielewa.

Nilikimbia. Nilimkuta amepiga magoti sakafuni mlangoni, paji la uso limegusa mbao, viganja viwili vimelazwa mbele yake. Nilimwita. Nilimgusa bega. Alikuwa baridi, kama aliyekufa tangu asubuhi.

Siku iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla watu wa mazishi hawajafika, nilishuka mlangoni kufagia. Pale tunapovulia viatu palikuwa na ndara za majani ya mpunga, kubwa, zimelowa tope jeusi. Ncha zake zilielekea ndani.

Sikulia. Nilikuwa na hasira kuliko huzuni. Nilipiga magoti nikazigeuza zielekee nje, kama tunavyomfanyia mgeni anapotaka kuondoka.

"Umeshamchukua mmoja," nikasema. "Toka."

Nikaenda kuchukua ufagio. Niliporudi, ncha zilielekea ndani.

Nikauweka ufagio chini, nikapiga magoti, nikazigeuza tena.