Matairi Yamefika Mombo

"Nne! Mimi nimeandika nne!"

"Nani kakwambia nne? Matairi yanataka kumi!"

"Edgar, usinipigie kelele masikioni, mimi siyo mbuzi wako!"

Huyo wa mwisho ni Sabra. Wa kwanza ni mimi, Kristofa. Tuko watatu kwenye kompyuta moja, chumba cha vijana, Lushoto mjini, tunagombania lori la kabichi. Lori lenyewe la kuchora. Lilitakiwa literemke kwenye kioo, kona zote za mlima, mpaka Mombo kule chini. Tulipobonyeza, matairi yakakimbia yenyewe. Bodi ikabaki nyuma. Kabichi zikaelea hewani.

"Matairi yamefika Mombo," Sabra akasema, "lori bado liko Soni."

Meza ya pili wakacheka. Mimi sikucheka. Saa tisa tunaonyesha kazi, na kikundi ambacho picha yake inatembea vizuri kinakwenda Tanga, kozi ya miezi mitatu. Nimemaliza fomu foo mwaka juzi. Nikikaa kule juu Irente naona magari chini kabisa, barabara ya Dar, madogo kama siafu. Moyo unateremka nayo. Mimi nabaki.

Dada Mwanahawa, anayetufundisha, akasogea.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hizi namba kaandika nani?"

Kumbe kila mtu aliandika kipande chake nyumbani, kwenye daftari lake. Mimi bodi, hatua nne. Edgar matairi, hatua kumi. Sabra kabichi, hatua saba.

"Sikilizeni," dada akasema. "Picha haitembei. Kompyuta inachora, inafuta, inachora tena mbele kidogo, haraka haraka. Hiyo mbele kidogo ndiyo hatua. Nyie gari moja, hatua tatu tofauti. Sabra, kwenu Kwai mnapandaje kabichi?"

"Kwa kamba yenye mafundo."

"Kila mtu na kamba yake?"

"Thubutu! Baba atatufukuza shambani. Kamba moja. Akitaka kabichi ziachane zaidi, anafunga mafundo upya, wote tunafuata."

"Basi tengenezeni kamba yenu. Kwenye kompyuta inaitwa kigeu. Mnakipa jina, ndani yake mnaweka namba. Namba mnaweza kuibadilisha, jina linabaki lile lile."

Tukakiita mwendo. Edgar akavuta kibodi, anataka amalize peke yake.

"Aa-aa," dada akasema. "Wewe andika, Sabra asome kwa sauti, Kristofa akague. Baadaye mbadilishane."

Juu kabisa tukaandika: mwendo ni tano. Chini, kila palipokuwa na namba ya hatua, tukafuta, tukaandika mwendo.

"Tairi la nyuma bado lina kumi," nikasema.

"Unaniona mjinga?"

"Naona tairi, Edgar."

Akaangalia. Akafuta, akaandika mwendo.

Tukabonyeza. Lori likaondoka zima! Ila kwenye kona lilipita kama limekatika breki. Ikawa zamu ya Sabra kuandika. Akabadilisha sehemu moja tu, kule juu: mwendo ni mbili. Bodi, matairi, kabichi, vyote vikapunguza pamoja.

"Dereva huyo sasa ana mke na watoto," Edgar akasema.

Saa tisa tukaonyesha. Lori likateremka, likafika. Dada Mwanahawa akaandika majina yetu.

"Tanga. Wote watatu. Mnaondoka baada ya wiki sita."

Sabra akapiga kigelegele. Edgar akanibeba juu juu kama gunia la karoti. Wakatoka mbio kwenda kusema nyumbani.

Mimi nikabaki. Nikaweka mwendo ni moja, nikaliangalia lori linavyoteremka polepole, kona moja, kona nyingine. Miaka miwili nimesubiri bila kujua nasubiri nini, nikaweza. Sasa najua, na hizi wiki sita naziona ndefu kuliko miaka yote miwili.

"Kristofa!" dada akaita toka nje. "Zima, uje! Ukitoka ufunge!"

Nikaliacha lifike Mombo kwanza. Nikazima. Nikatoka, nikafunga mlango.