Chura Mkubwa ni Jike

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Kache alimsaidia mama yake, Mbeyu, kupalilia mpunga bondeni Chaani. Ulikuwa mwaka uliofuata mgomo mkuu wa Mombasa, na wasichana darasani mwao walikuwa wanne tu. Wapo wakubwa waliosema wazi kwamba hata hao wanne ni wengi. Maneno yao hayajasahaulika.

Siku moja Mwalimu Thoya aliandika ubaoni kwamba chura mkubwa ni dume na mdogo ni jike. Kache akainua mkono. Akasema bondeni amewaona mara nyingi: mdogo hupanda mgongoni mwa mkubwa, na mayai humtoka yule mkubwa.

Darasa likaangua kicheko. Ngala, aliyekaa nyuma yake, akamwita mkunga wa vyura.

"Yarudishe maneno yako," mwalimu akamwambia. "Huyarudishi, kesho usije hapa."

"Siwezi kurudisha nilichokiona, Mwalimu."

Akatolewa nje. Alilia njia nzima hadi nyumbani, lakini si kwa kujuta. Mama hakumgombeza, alimuuliza tu kama ana hakika. Kache akasema anayo. Alfajiri wakashuka bondeni na sufuria.

Kengele ilipolia, Mbeyu alikuwa amekwisha simama mlangoni pa darasa, matope yamemkaukia miguuni. Akaitua sufuria juu ya meza ya mwalimu. Ndani, chura mdogo amemkumbatia mkubwa mgongoni, na nyuma ya yule mkubwa uzi mrefu wa mayai meusi ungali unatoka. Hata Ngala aliinuka atazame.

"Mwalimu," Mbeyu akasema, "mie mbegu ya mpunga huichagua kwenye suke lililojaa, na mwaka kwa mwaka masuke yananenepa. Dimbwi nalo lina mavuno yake. Jike mkubwa hubeba mayai mengi, na wanawe wa kike humrithi kimo. Vizazi na vizazi, jike akampita dume. Kazi ya dume haitaki tumbo kubwa."

Thoya aliinama akatazama kitambo kirefu. Kisha akachukua kitambaa, akafuta ubao kwa mkono wake, akamwashiria Kache aketi mahali pake.

"Jana nilidhani nadai adabu," akaliambia darasa, "kumbe nilikuwa nadai woga. Macho yako yakiona kweli, iseme, hata mbele ya mwenye chaki. Na mwenye chaki akikosea, afute ubao, asimfute mtoto."