Kibanzi cha Nguzo ya Kati

Damu haikutoka. Hilo ndilo lililomtisha Mishi kwanza. Kaka yake Masudi alikuwa amelala kwenye vumbi la tembe bovu alilokuwa akilibomoa, kibanzi cha nguzo kimezama ubavuni mwa shingo yake, kinene kama kidole gumba, na damu haikutoka hata tone. Ila palinuka udi, mchana kweupe, mahali pasipo na chetezo wala mtu wa kufukiza.

Majirani pale Kondoa walikuwa wamemwonya asiiguse nguzo ya kati, kwamba ina mwenyewe. Masudi alicheka. "Kama ina mwenyewe, aje tugawane kuni." Akainua shoka, nguzo ikapasuka, kibanzi kikaruka.

Hospitalini, muuguzi Evarista alikizungushia kibanzi bandeji ili kisitikisike, kisha akamshika Mishi mabega.

"Sikiliza, mdogo wangu. Hiki kimetoboa mshipa, na chenyewe ndicho kinachouziba. Kikichomolewa kabla ya chumba cha upasuaji, kaka yako anakufa mikononi mwako. Asikiguse mtu."

"Nimekuelewa, dada."

Gari la wagonjwa likashika njia ya Dodoma. Mishi alikaa kichwani pa mgonjwa, na baba yao mdogo Abubakari, ambaye kazi yake ilikuwa kupunga majini, akakaa miguuni. Hawajafika mbali, jeraha likaanza kutoa vipovu, hewa ikipenya pembeni ya kibanzi kwa mlio mwembamba. Mishi akainama asikilize.

"Mishi," jeraha likasema. "Nichomoe."

Midomo ya Masudi ilikuwa imefumbwa.

"Baba mdogo!" Mishi alinong'ona. "Umesikia?"

"Nimesikia. Nyamaza." Mzee akasogea. "Wewe ni nani?"

"Mwenye nguzo."

"Unataka nini?"

"Nichomoeni."

Abubakari akakunja mikono ya kanzu. "Basi. Jini akitaja haja yake hupewa, ndipo aondoke. Toa mkono, Mishi."

"Sitoi. Muuguzi amesema atakufa."

"Muuguzi anajua majini? Ukimnyima hasahau, na wala hamsahau aliyemnyima. Toa mkono!"

"Ni kaka yangu!"

"Na mimi nani alimlea?"

Mzee akanyoosha mkono. Mishi akamng'ata, akamng'ata kwelikweli, mpaka Abubakari akajikunyata kwenye kona ya gari akimlaani kwa sauti ya chini.

Tangu hapo jeraha halikunyamaza, likawa linamsemesha Mishi peke yake, mara kwa sauti ya mama yao waliyemzika Kondoa, likimwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyelijua, mara kwa kilio cha Masudi mwenyewe, na walipoanza kuona nyumba za kwanza za Dodoma likamsemesha kwa sauti ya Evarista, taratibu na kwa upole, likisema, "Umefanya vizuri, mdogo wangu, sasa kichomoe," na Mishi akafumba macho, akakikinga kibanzi kwa viganja vyote viwili, akilia, udi ukimkaba kooni, mpaka milango ya gari ikafunguliwa.

Wakampeleka Masudi moja kwa moja kupasuliwa. Daktari Optatus alipotoka, jasho lilikuwa limemlowesha kofia.

"Amepona," alisema. "Tulipasua kando ya shingo, tukaushika mshipa juu na chini ya tundu, ndipo tukachomoa. Kingechomolewa njiani, mngeleta maiti."

Abubakari alificha kiganja kilichoumwa. "Kilipotoka, kilisema nini?"

"Kibanzi hakisemi, mzee." Daktari akamgeukia Mishi. "Koo la hewa nalo lilitoboka. Tumemwekea mpira wa kupumulia hapa chini ya koo. Hatasema kwanza. Na mpira huo usiguswe, shingo imevimba, ukitoka anakosa pumzi."

Asubuhi jua liliingia wodini. Abubakari alikuwa ameenda kutafuta chai. Masudi akafumbua macho, akamtambua dada yake, akamfinya kidole. Mishi akacheka na kulia kwa pamoja.

"Tumemshinda, kaka," alimnong'oneza. "Hakupata alichotaka."

Ndipo aliposikia harufu ya udi.

"Mishi," sauti ikasema.

Akautazama mpira. Ulikuwa ukivuta na kutoa pumzi tu. Akaitazama midomo ya kaka yake. Ilikuwa imefumbwa. Lakini Masudi alikuwa amekodoa macho, akirudi nyuma kwenye mto, na hakuwa akimtazama dada yake machoni. Alikuwa akimtazama mdomoni.

"Ulininyima," sauti ikasema, na Mishi akausikia ulimi wake mwenyewe ukijongea.

Alitaka kumwita muuguzi. Mdomo haukumtii. Mkono wake wa kulia, ule uliokikinga kibanzi njia nzima, ukainuka kutoka magotini, ukapita juu ya shuka, na vidole vikaushika mpira, kimoja baada ya kingine.

Masudi akapanua kinywa kupiga kelele. Hakikutoka kitu.