Kibali cha Mutale

"Mwanangu, ishike tu hiyo mashine. Nani atajua?"

Mutale alirudi nyuma hatua moja, mikono akaifunga mgongoni. Alikuwa amekuja Kibaigwa kununua unga tu, na mashine ya kusaga ya Mama Batuli ilizimika mbele ya macho yake. Kwa mlio ule, alishajua ni beringi iliyokufa. Wateja walikuwa wameketi juu ya magunia yao wakisubiri.

"Nitajua mimi, mama," alijibu. "Kibali nilichonacho ni cha kukaa na mume wangu, si cha kufanya kazi. Cha kazi kikitoka, nitaishika mchana kweupe."

Mutale alikuwa Mzambia, fundi mitambo mwenye vyeti, aliyefanya kazi migodini Kitwe miaka sita kabla ya kuolewa na Obedi na kuhamia naye Nkuhungu, Dodoma. Mwezi wa tatu, Mama Batuli, mwanamke wa Kondoa mwenye mashine tatu, alikubali kumwajiri na kumwombea kibali. Vilibaki vyeti tu, na Obedi alijitolea kuvipeleka kwake. Tangu hapo, kila alipoulizwa, alisema ofisi zinachelewesha.

Mama Batuli alimtazama kwa mshangao.

"Kibali kipi tena? Mumeo aliniambia umeghairi. Alisema huitaki tena kazi."

Mutale aliaga kwa heshima, akatoka nje, akamwandikia mumewe: "Vyeti vyangu viko wapi?"

Jibu lilikuja baada ya nusu saa: "Tuongee nyumbani."

Alimkuta sebuleni, bahasha ya kaki yenye vyeti vyake iko mezani. Haikuwahi kutoka ndani ya nyumba ile. Obedi alianza kwa kusema wenzake kazini walimtania kwamba mkewe atakuwa ananuka grisi. Mutale alimngoja aseme la kweli.

"Niliogopa," Obedi alisema mwishowe. "Ukipata pesa zako, utakaa na mimi kwa sababu gani?"

"Kitwe nilikuwa na pesa zangu, Obedi. Niliziacha nikavuka mpaka wa Tunduma kwa ajili yako. Miezi minne dada zako wananiita goigoi, na wewe ulikuwa unajua ukweli, ukakaa kimya."

Obedi aliinamisha kichwa, akaomba msamaha. Mutale alichukua bahasha yake.

"Msamaha nimeusikia. Lakini uongo uliupeleka Kibaigwa kwa mdomo wako. Kauondoe kwa mdomo huohuo, mbele ya watu. Ukishindwa narudi kwetu, wala sitakuwa nimenuna. Mimi si mke wa kufichwa."

Jumamosi walikwenda pamoja. Mashineni palikuwa pamejaa watu. Obedi alimwamkia Mama Batuli, akasafisha koo mara mbili.

"Mke wangu hakughairi, mama. Nilidanganya mimi."

Waliokuwa wanashona magunia waliacha sindano. Mama Batuli alimwangalia kutoka viatuni hadi usoni, akamwambia angekuwa mwanawe wa kumzaa angembebesha magunia mpaka jioni. Kisha akapokea bahasha.

Nyumbani mambo hayakunyooka kwa siku moja. Obedi alipita kwa dada zake wote akawaeleza alichofanya, na mmoja hakumsemesha wiki nzima. Mutale alipika, alifua, alisali naye kanisani, lakini kucheka naye kulichukua muda.

Wiki ya tisa kibali kilitoka. Mutale alikwenda kukichukua mwenyewe, akalisoma jina lake kwenye ngazi za ofisi, akalisoma tena.

Siku ya kwanza ya kazi, Obedi aliomba ruhusa ofisini akampeleka. Mutale alishuka amevaa ovaroli ya bluu aliyoipiga pasi mwenyewe, akaamkia watu, akaingia ndani moja kwa moja. Obedi alibaki kibarazani. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa anasubiri kupakia alimuuliza kama yeye ndiye bosi mpya wa pale.

"Hapana," Obedi alisema, kwa sauti iliyofika hadi ndani. "Mimi ni mume wa fundi."

Mutale alikuwa ameshainama kwenye mtambo. Hakugeuka. Aliendelea kufungua nati, akitabasamu.