Gari Lililokosa Pumzi Porini Tura

Na ijulikane kwa watu wote, wenye vyeo na wasio na vyeo, kwamba jemedari Fikiri, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliokoa gari na roho ya mtu katika pori la Tura. Gari lilipozima mara ya kwanza, jemedari huyo alijigonga paji la uso kwenye dashibodi na kuomba maji.

"Maji ni ya mama yako mdogo," alisema Baba mdogo Twalibu. "Shuka."

Mama mdogo Mwamvita alikuwa amelala kiti cha nyuma. Nyoka aina ya kifutu alimgonga juu ya kifundo cha mguu asubuhi, wakipakia ndoo za asali kwenye kambi yao ya kurina. Sasa uvimbe ulishafika gotini, ngozi inang'aa kama bilinganya. Dawa ya sumu ile ilikuwa hospitalini Tabora, zaidi ya kilomita themanini. Simu hazikuwa na mtandao. Chupa ya maji ilibaki moja.

Pikapu ilikuwa inavuta vizuri, kisha nguvu zikaisha ghafla; ukikanyaga mafuta, unakanyaga godoro. Twalibu alifungua boneti. Chujio la hewa lilikuwa safi. Akalegeza skrubu chini ya chujio la dizeli: hakuna maji yaliyoingia kwenye mafuta. Wakakaa, wakajaribu, likawaka.

Kilomita nne, likafa tena. Safari hii Twalibu alibonyeza pampu ya mkono ya kuvuta dizeli. Ilizama, haikurudi.

"Dizeli haiji," alisema. "Na tangi liko nusu."

Wakasubiri, likawaka. Kilomita tatu, likafa katikati ya miombo, mbung'o wakiingia madirishani. Mwamvita alitapika. Fizi zake zilikuwa zinatoa damu.

"Twalibu," alisema, "nikifia humu, usiwaambie ndugu zangu ni nyoka. Waambie ni gari lako."

"Tunza mate, mke wangu."

Spana ilimponyoka Twalibu, akainama kuitafuta. Fikiri alizunguka ubavuni mwa gari, akawapa mgongo, akang'ang'ana na kifuniko cha tangi. Kilipoachia, tangi lilivuta hewa kwa mlio mrefu.

Twalibu aliinua kichwa. "Kumbe halipumui. Dizeli inatoka, hewa haiingii, pampu inavuta mpaka inashindwa. Tukisimama hewa inajipenyeza kidogo, ndiyo maana linawaka."

Alifunika mdomo wa tangi kwa kitambaa, bila kukaza, akatia kifuniko mfukoni, akaendesha bila kusimama. Fikiri alimshika Mama mdogo mkono, akimwita kila alipofumba macho. Mara mbili hakuitika.

Tabora alichomwa dawa saa tisa alasiri. Daktari alisema ataishi. Kuhusu mguu, wangoje.

Nje ya wodi Twalibu alitoa kifuniko mfukoni. Tundu la hewa na ukingo mzima vilikuwa vimezibwa kwa nta, na kwenye nta kulikuwa na alama ya dole gumba. Lilikuwa dogo kuliko dole lake.

Basi. Fikiri ni mimi. Nilikiziba jana yake kambini, ili Baba mdogo ahangaike kukifungua sheli, watu wamcheke. Tena sikubahatisha kukifungua. Pampu ilipokataa kurudi nilishaelewa, nikanyamaza kilomita tatu zile, nikiogopa mkanda wake.

Nilimwambia yote. Hakunipiga.

"Ingia ukamwambie mwenyewe," alisema, akanifungulia mlango.